Ametoka Majini Saa Ngapi?

Wifi yangu wa Mabanga, mtaa wa Goma, alipokea mfuko wa dagaa niliombebea kutoka Mwanza, akashukuru kwa mikono miwili, kisha akafanya kitu ambacho mgeni akifanyiwa hasemi, lakini hasahau. Aliufungua palepale mbele yangu. Akachota dagaa watatu, akawageuza kwenye mwanga wa mlango, akamvunja mmoja kichwa na kumtia mdomoni. Akatafuna polepole.

"Yaya," akasema, "kule kwenu munaanikaka chini?"

Mchanga ulikuwa umemgonga meno.

Kupimana kwa mawifi si jambo geni, ila mimi nilitegemea kupimwa kwa ugali au kwa maneno. Kwa samaki sikutegemea. Nimezaliwa Kirumba, karibu na mwalo ambako dagaa wa Ziwa Victoria hupakiwa magunia kwa magunia kwenda Burundi, Rwanda na Kongo. Kaka yangu alianza kama taniboi wa malori hayohayo, akaishia kuoa na kuhamia Goma. Mimi nilibaki Mwanza na nikafanya kazi miaka saba katika kiwanda cha minofu ya sangara, kwenye meza ya kupokelea, pale samaki anapokubaliwa au kurudishwa. Nilijiona nina shahada ya samaki. Na hilo neno "yaya" nalo lilinichukua siku mbili kulizoea: kwetu yaya ni msichana wa kulea watoto wa watu, Goma ni dada mkubwa.

Ilikuwa Septemba 2019. Nilikuwa nimetoka Mwanza hadi Rusumo, Rusumo hadi Kigali, Kigali hadi Gisenyi, na kutoka Gisenyi unavuka kwa miguu. Pale Petite Barrière watu hupita kwa maelfu, nyanya vichwani, vitunguu mgongoni, mitungi mitupu mikononi. Mwaka ule kila mmoja alisimamishwa kwanza kwenye ndoo ya maji ya klorini. Ebola ilikuwa imethibitishwa mjini Goma kwa mara ya kwanza tarehe 14 Julai, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Unanawa, unaelekezewa kipimajoto cha bastola kwenye paji la uso, unasubiri namba isomwe, unapita. Mikono yangu ilinuka klorini siku zote nilizokaa. Hakuna aliyenipa mkono. Tulisalimiana kwa viwiko, na wifi yangu, mara ya kwanza ananiona, alinikumbatia kwa maneno tu.

Mabanga, kwa Kilingala, ni mawe. Nilipoambiwa maana hiyo nilikuwa nimeshajikwaa mara tatu. Goma yote imejengwa juu ya moto uliopoa: Nyiragongo iko kaskazini tu ya mji, na Januari 2002 ilishuka hadi katikati ya maduka, ikapita, ikaingia ziwani. Kwa hiyo ardhi ni nyeusi, imekwaruzika, imechongoka. Nyumba nyingi za mtaa ule ni za mbao, zimekalishwa juu ya mawe meusi na kuezekwa kwa bati, na uzio ni mawe hayohayo yamepangwa bila saruji. Mchana jua likipiga, mawe yanatunza joto kama jiko. Usiku yanapoa vibaya. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mimi niliyekuja na khanga mbili nilizivaa zote.

Naanza na habari ya mawe na baridi kwa sababu wifi yangu anaishi kwa kuvitegemea. Yeye ni mama sambaza, muuzaji wa dagaa wa Ziwa Kivu. Asubuhi anauza mbichi, jioni anakaanga.

Tuliondoka saa kumi na nusu alfajiri, mimi kwenye pikipiki moja, yeye kwenye nyingine na mabeseni mawili, kwenda Kituku kando ya ziwa. Bado giza. Ukiangalia majini unaona taa, kama mtaa mwingine umejengwa juu ya maji. Kila kundi la taa ni mitumbwi mitatu iliyofungwa sambamba, na miti mirefu imetoka mbele na nyuma kama pembe za panzi. Wavuvi wanashusha wavu chini, wanawasha taa juu yake, wanasubiri sambaza wakusanyike kwenye mwanga, kisha wanaunyanyua. Usiku wa mbalamwezi hawasumbuki sana, maana samaki hawaoni haja ya kufuata taa. Usiku ule mwezi ulikuwa haupo.

Sambaza wenyewe ni wageni, kama mimi. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa kula vijidudu vya katikati ya maji. Lilikuwa ziwa kubwa lenye samaki wachache wa kandokando. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji wakachukua dagaa wachanga Ziwa Tanganyika na kuwamwaga humu, wa aina mbili. Aina moja ikafa. Ya pili, ambayo wataalamu huiita Limnothrissa miodon, ikakubali, na leo watu wa Goma, Bukavu, Idjwi na Gisenyi hawawezi kukuambia chakula kilikuwaje kabla yake. Na wanaogelea juu juu tu. Ukishuka mita sitini, sabini hivi, Kivu haina hewa ya kuvuta samaki. Chini kabisa kumejaa gesi ya kaboni dioksidi na ya methani, na hiyo methani Rwanda imeanza kuichimba na kuwashia umeme.

Mitumbwi ilipofika, wanawake waliingia majini hadi magotini. Mimi nilisogea kwenye beseni la kwanza lililotua na kunyoosha kidole, kama nilivyofanya miaka saba kiwandani. Unabonyeza, nyama ikirudi, samaki mzima, kidole kikiacha shimo, mrudishe alikotoka.

"Hapana gusa, mama! Tazama na macho."

Mwenye beseni alikuwa amenikingia mkono. Ebola. Mkono wa mgeni hauingii kwenye samaki wa mtu. Nikarudi nyuma na aibu zangu, nikasubiri wifi yangu ainame anuse. Hakunusa. Aliuliza swali moja tu.

"Hizi zilitoka mu mayi saa ngapi?"

Nilidhani ni utani. Si wametoka sasa hivi, tumewaona? Mvuvi naye alijibu haraka mno kwamba zote ni za saa kumi na moja. Wifi yangu akatia mkono wake mwenyewe ulionawa hadi chini ya beseni, akapindua, akatoa konzi ya chini na kuiweka kiganjani kando ya konzi ya juu.

Nikaona. Za juu zilikuwa fedha tupu, mgongo una kijani cha mbali, jicho jeusi lenye duara jeupe safi, tumbo limejaa na kubana. Za chini zilikuwa samaki walewale, ziwa lilelile, wavu uleule, lakini macho yalikuwa yameingia wekundu pembeni, fedha imekwanguka, na matumbo mawili matatu yalikuwa yamepasuka, utumbo unachungulia. Wavuvi hunyanyua wavu zaidi ya mara moja kwa usiku. Wa mwanzo huja saa tatu, saa nne usiku. Wa mwisho alfajiri. Wote wanaitwa samaki wa asubuhi, lakini tofauti ya umri wao ni saa nane, na wale wa kwanza wamelala chini wakibebeshwa uzito wa wenzao wote.

Alinunua za juu tu. Za chini akazikubali baadaye kwa bei nyingine, kwa kazi nyingine.

Niliomba anieleze kwa nini hanusi. "Mimi niko na mafua karibu kila siku, Yaya, moshi wa mafuta," akasema. "Pua yangu ilishakufa. Mimi naulizaka saa tu."

Sasa niseme ninachokijua mimi, maana nisionekane nilikwenda kufundishwa kila kitu. Samaki akifa, mambo mawili yanaanza pamoja. La kwanza ni la kwake mwenyewe: vimeng'enya vya tumboni vilivyokuwa vinasaga chakula havijui kwamba mwenye tumbo amekufa, vinaendelea kusaga, na chakula kikiisha vinasaga ukuta wa tumbo. Samaki mdogo aliyevuliwa akiwa ameshiba, kama sambaza aliyefuata vijidudu kwenye taa, hupasuka tumbo kabla hata hajanuka. La pili ni bakteria, ambao walikuwa kwenye utelezi wa ngozi, kwenye mashavu na utumboni tangu akiwa hai, wakizuiliwa na uhai wake. Uhai ukitoka, wanaingia. Harufu ile tunayoijua sote ni mavi ya bakteria hao, kwa lugha ya mtaani. Maana yake ni kwamba harufu ikifika puani kwako, kazi imefanyika zamani.

Kinachoamua kasi ya yote mawili ni joto. Kwenye barafu inayoyeyuka, yaani nyuzi sifuri, sato anakaa zaidi ya wiki mbili akiliwa. Kwenye nyuzi kumi tu, ambako mtu wa Mwanza anatafuta blanketi, samaki huharibika takribani mara nne kwa kasi ile. Kwenye joto la kwetu mchana, nusu siku ni nyingi. Miaka ya mwisho ya 1990, Ulaya ilipotufungia mlango mara kadhaa kwa samaki wa Victoria, viwanda vilivyobaki hai vilijifunza hesabu hiyo kwa machozi: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, barafu iliyosagwa na si mabonge, safu ya barafu safu ya samaki, na chini ya kasha kuwe na tundu ili maji yatoke. Watu wanasahau tundu. Samaki akilala kwenye maji yaliyoyeyuka, yenye damu yake na utelezi wake, ni kama umemwekea supu bakteria.

Wifi yangu hana barafu. Mtaani kwake ipo ya kununua, ya kwenye vifuko, lakini aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Ile mayi ya barafu, walitosha wapi?" Barafu ya maji machafu ni uchafu ulioganda. Alichonacho ni ubaridi wa alfajiri ya Goma, nyuzi kumi na tano hivi, ambao hudumu hadi jua lipande juu ya paa, na mpaka wake ameuweka mwenyewe: saa sita.

Nilimfuata siku nzima kuona anavyoutunza. Kwanza, hakurundika. Alipofika nyumbani aliosha sambaza kwa maji safi yenye chumvi kidogo, haraka, kisha akawatandaza kwenye sinia pana za bati, unene wa samaki wawili, upande wa nyuma wa nyumba ambako mawe yalikuwa bado na baridi ya usiku. Juu akatandika kitambaa cha pamba kilicholoa, akakilowesha tena kila kilipoelekea kukauka. Rundo linajitia joto lenyewe. Ukiingiza mkono katikati ya gunia la dagaa lililokaa jua unajua. Pili, aliwachambua. Kila aliyepasuka tumbo, aliyelegea kichwa, aliyebadilika rangi, alitolewa na kuwekwa kando. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na watu huitumia methali hiyo kusengenya koo za watu. Pale niliiona ikitumika kwa samaki.

Saa tano na nusu alikuwa amebakiwa na sinia moja. Hakusubiri mteja wa saa sita. Aliitia chumvi, akaigawa: nusu ikapanda kwenye wavu uliotandwa juu ya vijiti, futi tatu kutoka ardhini ("siyo chini, Yaya," na akanitazama), nusu ikangoja jioni kwenye beseni lililofunikwa. Zile za chini ya beseni, za usiku, zilikuwa zimekaangwa tangu saa mbili asubuhi, kwa mawese, hadi zikaita. Hakuna aliyemdanganya mtu. Mteja wa sambaza mbichi alipata za alfajiri, wa kukaanga alipata za usiku zilizowahiwa na moto zikiwa bado na saa zake. Ujuzi wa biashara yake wote upo hapo, katika kujua samaki wa saa ngapi anaelekea wapi, na afike huko kabla hajachelewa.

Jioni tulipita sokoni karibu na kwake, mtaa umejaa vibatari na taa za simu, akanionyesha wengine. Tilapia wa Kivu, wachache na ghali. Samaki wa Vitshumbi, kutoka Ziwa Edward, zaidi ya kilomita 100 kaskazini, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Barabara ya Rutshuru ilikuwa inapitika wakati ule, na malori yalileta wengi wakiwa wamebanikwa kwa moshi au kutiwa chumvi, maana Edward iko chini ya mita 1,000 na joto lake halina huruma. Kwa kuwa sikuruhusiwa kugusa, nilijifunza kutazama upya. Jicho: limetoka nje na kung'aa, au limezama na kuingia ukungu? Shavu: jekundu la damu, au la kahawia kama chai iliyolala? Kwetu nimeona muuzaji akipaka mashavu damu mbichi ya samaki mwingine, kwa hiyo shavu jekundu peke yake halinishawishi. Naangalia kama utelezi wake ni mwangavu au mzito wa kijivu. Magamba yanashika, au yanamwagika akigeuzwa? Na mwili: samaki wa saa chache huwa mkakamavu, ukimshika kichwa mkia haudondoki. Niliwaomba wauzaji wawanyanyue kwa ajili yangu. Wengine walicheka. Mmoja alikataa, nikajua.

Hadi hapo nilikuwa nimerudisha heshima yangu. Siku ya nne wifi yangu akaenda kwenye matanga, na mimi nikaamua kuwapikia watoto.

Kuna samaki Goma wanamwita Thomson. Ni wa bahari, anavuliwa kwa wingi sana pwani ya Namibia, anagandishwa na kutawanywa Kongo nzima ndani ya makatoni. Huenda ndiye samaki anayeliwa na maskini wengi kuliko wote nchini. Mrefu kama kiganja na nusu, mgongo bluu ya kijivu, ubavuni ana mstari wa magamba magumu yanayokwaruza. Nilinunua sita kwa mtu mmoja mwenye friji, sitasema wapi. Walikuwa wameganda kama kuni. Samaki aliyeganda hanuki, habonyezeki, na jicho lake lote ni jeupe. Vipimo vyangu vyote vilikuwa vimefungwa, na bado nililipa.

Alama zilikuwepo, nilizikumbuka baadaye. Samaki walikuwa wameshikana kwa barafu yenye rangi ya chai, iliyotuama upande mmoja, kama maji yaliyowahi kutiririka. Na walikuwa wamekunjwa, kila mmoja amefuata umbo la mwenzake, ubavu umebapa. Samaki mkunje angali mbichi, tunaambiwa. Hawa walikuwa wamekunjika kwa sababu walikuwa wameyeyuka ndani ya katoni, wakalainika, wakalaliana saa zisizojulikana umeme ulipokatika, kisha umeme ukarudi ukawagandisha upya wakiwa hivyohivyo.

Nilikaanga vizuri. Watoto, kwa bahati, walitaka maharage. Nilikula wawili peke yangu, na ulimi uliniwasha kidogo, kama nimeweka pilipili manga ambayo sikuiweka. Nusu saa haikuisha, uso ukaanza kuwaka. Masikio yakawa moto. Moyo ukawa unapiga ngoma, kichwa kinagonga, na shingoni vikatoka vipele vya kuwasha.

Hebu fikiria kuwa na uso wa moto na kichwa kinachogonga katika mji ule, mwezi ule. Niliwaza mikono yote niliyokaribiana nayo tangu mpakani. Niliwaza kaka yangu atapigiwa simu akiwa wapi barabarani. Jirani, mama mtu mzima, hakunisogelea. Alisimama mbali akaniitia mwendesha pikipiki, na mwendesha pikipiki naye alinitazama kwanza.

Kwenye kituo cha afya nilinawa klorini, nikapimwa joto kabla ya kuulizwa jina. Nyuzi 36 na ushee. Muuguzi akapima mara ya pili, akashusha mabega, na mimi nikashusha yangu.

"Ulikula nini, mama?"

"Thomson."

"Ah," akasema, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda nyumbani kwake.

Alinipa kidonge cha mzio, akanikalisha, na baada ya saa mbili nilikuwa naona haya tu. Kilichonipata kilitokana na kitu kinachoitwa histamini. Samaki wa bahari wa jamii ya jodari, vibua na huyu Thomson wana nyama nyeusi yenye wingi wa asidi ya amino iitwayo histidini. Wakikaa kwenye joto, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, kitu kilekile ambacho mwili wako hukitoa ukiumwa na nyuki. Ukiila unapata mzio ambao si mzio wako. Ni wa samaki. Na ubaya wake ni huu: ikishatengenezwa haitoki. Huiondoi kwa kukaanga, kwa kuchemsha, wala kwa kugandisha. Kanuni za chakula za kimataifa, Codex, zinataka isizidi miligramu 200 katika kilo moja ya samaki, lakini ni mwanamke gani wa Mabanga mwenye maabara? Samaki anaweza kuwa nayo tele na asinuke kitu.

Nilikuwa sijawahi kukutana nayo miaka saba yote. Sato na sangara wa kwetu hawana histidini ya kiasi hicho; ukiwachelewesha wanakunukia, wanakupa onyo. Elimu yangu yote ilikuwa ya maji baridi, na niliibeba hadi kwa samaki wa Atlantiki kama mtu anayetumia funguo za nyumba yake kwenye mlango wa jirani.

Wifi yangu alirudi magharibi, ameshasikia. Mtaa ulikuwa umemwambia kabla hajafika kona. Alikagua samaki wanne waliobaki, akawazika nyuma ya nyumba, mbali na mbwa, akanawa mikono, akarudi kuketi karibu nami kwenye kigoda. Nilitegemea aseme. Mawifi hawaachi nafasi ya namna hiyo ipite. Akanipa chai ya tangawizi na kusema tu kwamba Thomson yeye anamnunua, tena mara nyingi, lakini kwa mtu anayefungua katoni mbele yake siku lori linapofika, na anamyeyusha kwenye beseni la maji baridi kivulini, si juani, na akishayeyuka anaingia sufuriani palepale, harudi kwenye friji ya mtu. Kisha akaniuliza kama nataka sambaza. Nilikula sahani nzima, na ndimu.

Niliondoka Jumamosi. Alinifungia kilo mbili za sambaza waliokauka, nikavuka nao Petite Barrière ndani ya karatasi, maana Rwanda haitaki mifuko ya plastiki. Mwanza, mama yangu alimvunja mmoja kichwa, akatafuna, akasubiri mchanga. Haukuja.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo ilipasuka tena. Lava ilisimama kabla ya kuingia katikati ya mji, lakini ardhi haikuacha kutetemeka, na alfajiri ya tarehe 27 gavana akatangaza mitaa kumi kati ya 18 ya Goma ihame mara moja. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini zilikuwemo. Wifi yangu alitembea na watoto hadi Sake, katikati ya umati uliojaza barabara nzima, na alichobeba kichwani ni ndoo ya sambaza wa kukaanga aliokuwa amewaandalia wateja wa usiku. Walikula hao njiani siku tatu, wao na watu wasiowajua.

Ruhusa ya kurudi ilitoka tarehe 7 Juni. Alinipigia simu amesimama mlangoni kwake. Nyumba ipo, mawe yapo, ule wavu wa kuanikia umeangushwa na tetemeko lakini haukuchanika. Tatizo, akasema, ni jirani: alikimbia akiacha friji imejaa Thomson, na sasa vijana wanne wameifunga kamba pande zote mlango usifunguke, wanaipandisha kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mtaa mzima umeziba pua.

Nikamuuliza umeme ulikatika siku gani, na saa ngapi.

Upande wa pili wa simu alianza kucheka kabla sijamaliza.